Jumla iko sawa, lakini watu wamebadilishana: orodha zetu zinataka uangalifu

Katika mashariki ya Kongo, maisha ya mtu mara nyingi yanategemea mstari mmoja wa orodha. Mwalimu anangojea mshahara kwa sababu jina lake liko, ama haliko, kwenye orodha ya malipo. Mama aliyekimbia vita anapata unga, mafuta na maharagi kwa sababu mtu aliandika jina lake pamoja na hesabu ya watoto wake. Mwanafunzi, mgonjwa, mwanachama wa kikundi cha akiba, mzee anayedai pensheni: kila mmoja ana mstari wake ndani ya kompyuta fulani, katika biro ambayo pengine hajawahi kuingia.

Tumezoea kuzungumza juu ya orodha hizo tukiuliza swali moja: nani aliiba? Ni swali la haki, na nitalirudilia. Lakini kuna swali lingine ambalo halisikiki katika mikutano ya shirika la raia wala kwenye redio zetu: nani aliipanga orodha hii, na aliipanga namna gani? Kwa maana orodha inaweza kuharibika hata pasipo mwizi. Inatosha kubofya mara moja mahali pabaya.

Maoni yangu ni haya: kupanga orodha katika kompyuta ni kazi ya uaminifu sawa na kuhesabu feza. Mtu anayepewa kazi hiyo anapaswa kufundishwa, kukaguliwa na kutia sahihi, kama vile mtunza feza anavyofanya.

Familia tatu, watu 16

Tuchukue orodha ndogo ya familia tatu za wahamaji wa vita. Mstari wa kwanza ni wa Zawadi, mwenye watu 9 nyumbani. Wa pili ni wa Bahati, mwenye watu 2. Wa tatu ni wa Masika, mwenye watu 5. Jumla ni watu 16. Majina yako katika kolone ya kwanza, hesabu ya watu iko katika kolone ya pili. Mkubwa wa kazi anaomba orodha ipangwe kwa alfabeti ili watu waitwe haraka. Sekretere anachagua kolone ya majina, kisha anabofya alama ya A na Z.

Kama amechagua kolone ile peke yake, Excel inamwonya. Katika kompyuta zetu, ambazo nyingi zinasema Kifaransa, dirisha dogo linatokea lenye majibu mawili. La kwanza ni « Étendre la sélection », maana yake panua uchaguzi ili mistari yote isogee pamoja. La pili ni « Continuer avec la sélection en cours », maana yake endelea na kolone hii tu. Mtu mwenye haraka, anayeogopa mafuta ya jenereta yaishe kabla hajachapisha, anabofya la pili bila kusoma. Majina yanasogea. Hesabu za watu zinabaki pale zilipokuwa.

Sasa orodha inasema hivi: Bahati watu 9, Masika watu 2, Zawadi watu 5. Siku ya mgao, Zawadi mwenye vinywa tisa anapewa chakula cha watu watano. Masika mwenye watu watano anarudi na chakula cha wawili. Bahati, anayeishi na mtoto mmoja tu, anaondoka na chakula cha watu tisa, na kabla ya jua kuzama kambi nzima inamwita mwizi, mtu aliyenunua sefu, mtu aliyeandikisha watoto wa hewa. Yeye hakuomba kitu. Alisikia jina lake likiitwa, akapokea alichopewa.

Kisha tazama jumla chini ya ukurasa. Bado ni 16. Mkaguzi anayelinganisha magunia yaliyotoka na jumla ya orodha hataona kasoro yoyote. Ripoti itapita na mradi utafungwa kwa sifa. Mwizi wa kawaida anaacha pengo katika hesabu. Kosa la kupanga haliachi pengo. Ndiyo sababu linapaswa kutuogopesha.

Wazee wetu waliofanya kazi na daftari hawakulijua tatizo hili. Katika daftari la sefu wa avenyu, jina na hesabu vimeandikwa kwa mkono mmoja kwenye mstari mmoja. Unaweza kulichana, linaweza kulowa maji ama kuliwa na panya, lakini jina la Zawadi halitatoka mbele ya tisa yake na kwenda kusimama mbele ya tano ya mwingine. Kompyuta imetupa mwendo wa haraka, na pamoja na mwendo huo imetupa kosa ambalo daftari halikuwa nalo. Na mtu akisha kuhifadhi faili na kuifunga, hakuna tena kitufe cha kurudi nyuma.

Hata Ulaya ilitokea

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya inchi maskini. Tarehe 3 mwezi wa sita 2023, chama cha Wasosial-demokrate cha Austria, SPÖ, kilikutana katika mji wa Linz kuchagua kiongozi wake. Hans Peter Doskozil alitangazwa mshindi mbele ya kamera zote. Siku mbili baadaye, tarehe 5, chama kilirudi mbele ya waandishi wa habari kueleza kwamba mshindi wa kweli ni Andreas Babler, kwa kura 317 dhidi ya 280. Matokeo ya watu wawili yalikuwa yamebadilishana katika faili ya Excel.

Ni chama kikubwa, katika inchi tajiri, chenye wagombea wawili tu na kura karibu 600. Na kosa lilionekana kwa bahati: mwandishi wa habari wa televisheni alijumlisha tarakimu zilizotangazwa, akaona kuna kura moja ambayo hesabu yake haitimii, akauliza. Walipohesabu tena karatasi ndipo ukweli ukatoka. Kama jumla ingalikuwa safi kama ile 16 yetu, nani angaliuliza? Na sisi tunashughulika na orodha za maelfu ya watu.

Majina yetu hayapangiki kwa urahisi

Programu hizi zilitengenezwa na watu wenye majina ya namna nyingine. Kwetu mtu ana jina, postnom na prénom. Mmoja anajiandikisha Kahindo, mwingine anamwandika kwa jina la ubatizo, na wa tatu anachanganya yote katika kisanduku kimoja. Ukipanga kwa alfabeti, mtu huyo huyo anatokea mahali pawili, ama anatafutwa mahali ambapo hayupo.

Nenda Butembo ama Beni. Kwa desturi ya Wanande, majina mengi yanafuata ngazi ya kuzaliwa, kwa hiyo akina Kambale, Paluku, Kavira na Masika wanajaza kurasa nzima. Kupanga orodha ya huko kwa jina la kwanza peke yake ni sawa na kutoipanga. Inabidi kuongeza ngazi ya pili, postnom, na ya tatu, mwaka wa kuzaliwa. Excel inakubali ngazi nyingi. Word yenyewe inakubali tatu unapopanga tablo. Si kazi ngumu. Ni kujua tu kwamba inawezekana.

Nenda Bukavu, utakuta Cishugi na Chishugi, jina moja kwa tahajia mbili. Kompyuta haijui kwamba ni jina moja. Itaweka moja juu na lingine mbali chini. Nafasi tupu iliyoachwa mbele ya jina, ambayo jicho halioni, inatosha kulirusha jina hilo juu ya orodha yote, mbele hata ya akina Amani. Mama anayetafuta jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani anasoma mahali pa herufi yake, halioni, anarudi nyumbani. Jina liko. Yeye ameambiwa haliko.

Tarakimu nazo zina mitego. Ukiandika « 90 000 FC » pamoja na herufi zake, kompyuta inaisoma kama maneno, na maneno yanapangwa kwa alama ya kwanza: 90 000 FC inakuja nyuma ya 1 000 000 FC, kwa sababu tisa inafuata moja. Mwenye kutaka kuona nani alipokea nyingi zaidi anadanganyika. Na katika inchi yetu, ambamo dola na franka zinatembea mfuko mmoja, wengi wanaandika feza zote mbili katika kolone moja. Ukipanga, dola 200 zinakwenda chini ya franka 150 000, ingawa zinanunua zaidi sana. Dola iwe na kolone yake na franka yake.

Kuna na mambo ya kuchekesha, kama hayangekuwa ya aibu. Mtu akisahau kuiambia programu kwamba mstari wa juu ni wa vichwa, kichwa « Nom » kinaingia kati ya watu na kukaa baada ya Neema na kabla ya Nsimire. Mstari wa « Total » ulioachwa chini unaingia katika herufi T, kati ya Tabu na Tumaini, na pale unapata mgao mkubwa kuliko familia yoyote. Kama hesabu za watu wa hewa zinatoka wapengine mahali fulani, baadhi zinatoka hapo.

Nani anabaki chini?

Hata orodha iliyopangwa bila kosa ina haki yake na dhuluma yake. Yule anayechagua namna ya kupanga anachagua nani atahudumiwa kwanza. Mahali ambapo vitu vinatosha wote, haina maana kubwa. Kwetu vitu havitoshi. Mgao ukifuata alfabeti mwezi hadi mwezi, akina Amani na Bahati watafika maghala yakiwa yamejaa, na akina Zawadi na Zihindula watafika magunia yakiwa yamebaki ya kufagia. Hakuna aliyeamua kuwatesa watu wa herufi Z. Ni desturi tu ya mkono unaobofya A kwenda Z.

Kuna jambo zito zaidi. Excel, ukipanga kwa kolone fulani, inapeleka visanduku vitupu chini ya orodha, iwe unapanda ama unashuka. Sasa fikiria biro inayopanga orodha ya wahamaji kwa nambari ya simu, ama kwa nambari ya kadi ya mchaguzi. Nani hana simu? Nani alipoteza kadi yake akikimbia usiku? Mjane, mzee, mtoto anayelea wadogo zake. Wote hao wanakusanyika chini kabisa, kwenye ukurasa wa mwisho, ule ambao printa inaukosea wino, ule unaosahaulika mezani. Kisha tunashangaa kwamba msaada haukuwafikia wale waliokusudiwa.

Kwa hiyo ninaomba wale wanaogawa wasituambie tu « orodha iko tayari ». Watuambie imepangwa kwa kufuata nini. Kwa mgao wa chakula, ukubwa wa familia na hali ya udhaifu vitangulie alfabeti. Na kama alfabeti inabaki kwa ajili ya kuita watu, basi mwezi mmoja waanze na A, mwezi unaofuata waanze na Z.

Chombo hicho hicho kinafichua wizi

Nilisema nitalirudilia swali la wizi. Mwanzoni mwa mwaka 2023, Inspection générale des finances, IGF, ilitangaza matokeo ya ukaguzi wa malipo ya watumishi wa serikali. Ilisema ilikuta watu 145.604 wenye nambari za matrikule zisizo sahihi ama za kutunga, na watu 53.328 wenye nambari ambazo wengine pia wanazitumia. Kila mwalimu wa kijiji anayeitwa « NU » ama « NP », aliyefundisha tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2019 huku akingojea kuingizwa kwenye malipo, ana haki ya kusoma tarakimu hizo kwa hasira.

Lakini tazama namna matrikule moja ya watu wawili inavyoonekana. Katika orodha iliyopangwa kwa majina, mmoja yuko ukurasa wa 12, mwingine ukurasa wa 340. Hakuna jicho litakalowakutanisha. Panga orodha hiyo hiyo kwa nambari ya matrikule, na wote wawili wanasimama bega kwa bega. Linganisha tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuajiriwa, na mtumishi aliyezaliwa baada ya tarehe yake ya kuajiriwa hatajificha tena. Panga kwa nambari ya akonti ya benki, na watu kumi wanaolipwa mahali pamoja watajitokeza wenyewe. Mkaguzi hahitaji programu ya siri kutoka ng'ambo kwa hatua hiyo ya kwanza. Anahitaji faili iliyo safi, na ruhusa ya kuipanga.

Ndiyo sababu wengi wanapenda kutoa orodha kwa karatasi iliyopigwa picha na kutumwa WhatsApp. Picha haipangiki. Unaweza kuitazama mpaka macho yaume, hutaona matrikule mbili zinazofanana kama ziko kurasa mia tatu mbali. Waandishi wa habari na shirika la raia tunapoomba orodha ya matumizi ya feza za umma, tuombe faili yenyewe.

Hapo kuna mpaka. Orodha ya malipo ya serikali ni jambo moja. Orodha ya wahamaji ni jambo lingine. Katika vita, faili yenye jina, simu na mahali pa kulala pa familia inaweza kuwa silaha mkononi mwa mtu mbaya. Inayobandikwa kambini iwe na nambari, jina na hesabu ya watu, basi. Mengine yabaki kwa wachache wanaojulikana.

Mambo matano yasiyogharimu feza

Mtu atasema: ndugu mwandishi, inchi inawaka moto, na wewe unatuletea mambo ya kolone? Mwingine atasema tatizo letu si ujinga wa kompyuta, ni moyo mbaya. Ninawaelewa wote wawili. Lakini vita ndiyo imezidisha orodha, kwa sababu imezidisha wahitaji. Na moyo mbaya unapenda orodha iliyochafuka kuliko kitu chochote: siku ya kuulizwa, anayo sababu, « ni kompyuta ilikosea ». Tukiondoa makosa ya mikono, mwizi atabaki peke yake bila kichaka cha kujifichia.

Kwa hiyo, kila biro inayotunza majina ya watu ianze na haya.

Kwanza, kabla ya kupanga, hifadhi nakala ya faili jinsi ilivyo, yenye tarehe katika jina lake, na usiiguse tena.

Pili, weka kolone ya nambari ya mstari, 1 mpaka mwisho, iliyoandikwa kama nambari ya kawaida, siyo hesabu inayojibadilisha yenyewe. Mambo yakichanganyika ndani ya tablo iliyopangwa vizuri, unapanga tena kwa kolone hiyo na kila mtu anarudi mahali alipoandikishwa.

Tatu, weka kasa ndani ya tablo bila kuchagua kolone moja, pita kwa « Données » na « Trier », hakikisha programu inajua kwamba kuna mstari wa vichwa, ondoa mstari wa jumla na visanduku vilivyounganishwa. Na dirisha lile la onyo likitokea, lisomwe.

Nne, baada ya kupanga, chukua watu kumi popote katika orodha na uwalinganishe na daftari la kwanza ama na faili ya nakala, mstari mzima, siyo jumla. Dakika tano zinatosha. Kosa la namna ya Zawadi na Bahati haliwezi kuipita kazi hiyo.

Tano, bandika orodha siku mbili ama tatu kabla ya mgao ama malipo, watu wasome mistari yao na kulalamika mapema, na chini yake liandikwe jina la aliyeipanga. Mama anajua ana watoto wangapi kuliko kompyuta yoyote. Yeye ndiye mkaguzi wa kwanza, na hadai mshahara.

Shule zetu zinazofundisha informatike zinaweza kusaidia pia. Mara nyingi mwanafunzi anafundishwa sehemu za kompyuta, anakariri jina la kila waya, anamaliza bila kupanga orodha hata moja. Apewe majina mia moja ya avenyu yake, yenye tahajia mbili, nafasi tupu na tarehe zilizochanganyika, aambiwe ayasafishe na kuyapanga. Kesho yeye ndiye atakuwa sekretere wa shule, wa kituo cha afya, wa groupement, wa kambi.

Na wakubwa wa mashirika, wa shule na wa idara za serikali wasimwachie mzigo huu yule kijana wa sekretaria ya barabarani anayelipwa kwa ukurasa. Yeye anachapa anachopewa, haraka, kwa sababu foleni ni ndefu. Orodha ni yao. Kabla ya kutia muhuri, wafungue faili, wachague majina kumi, wafuate kila mstari kwa kidole kutoka kushoto mpaka kuume. Kama hawana dakika tano za kufanya hivyo, wasiseme mbele ya watu kwamba orodha imehakikishwa.